Sapini ya Ruziba

Uvira, 5 Septemba 1995

Mama Benite, mke wangu,

Tumefika Kongo. Mtumbwi ulituteremsha mbali na mji, tukatembea, na Benite ana malengelenge miguuni, lakini sasa amekula ugali na ndagala, wale samaki wadogo, na amelala hapa kwa mama yako. Baba yako alitupokea bila maswali. Alisema tu, "Mkwe, nyumba ndiyo hii," akanionyesha kitanda.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Epiphanie, yule anayeuza vitenge. Anapita Gatumba kila wiki na askari wa mpaka wamemzoea. Barua zako mpe yeye tu.

Najua nilikuacha vibaya, kama mwizi anayeruka ua. Lakini jina langu lilikuwa limeshatajwa. Siku hizi wakisema mtu fulani anawapelekea waasi chakula mlimani, hakuna anayengoja kuchungulia ghala lake. We ni Mkongomani, una karte yako ya ukaazi, na mama yangu miguu haimbebi. Ndiyo maana tulikubaliana ubaki naye. Kila nikiamka najiuliza kama tulikubaliana vizuri.

Sasa bustani. Maua yakifa, acha yafe. Wakitaka kuni, wape mikaratusi ya kule nyuma. Lakini sapini isiguswe. Unajua nilivyoipata: kimche cha urefu wa kidole ndani ya kopo la maziwa, zawadi ya yule Mgiriki wa Kiriri niliyekuwa nikimfanyia bustani. Yeye aliiita araukaria, watu wa Ruziba wakaipa jina la sapini kwa sababu ya Noeli. Niliipanda pale palipokuwa na matete matupu. Mchwa walitaka kuimaliza mwaka wa kwanza, nikaizungushia majivu. Tulipooana ilikuwa inanifikia kifuani, na leo maharusi wanatoka mjini kuja kupiga picha chini yake, na wavuvi wakirudi asubuhi wanaielekezea mitumbwi, maana ufuko wote ule hauna mti mwingine wenye matawi ya ngazi ngazi unaoonekana kutoka katikati ya maji. Mimi nilipokuwa nakwenda, nyumba ilipotea, minazi ikapotea, yenyewe nikaendelea kuiona.

Mvua bado. Imwagilie jioni. Weka nyasi kavu kuizunguka, ila zisiguse shina, litaoza.

Mama mwambie sijambo. Mwambie aongeze neno mwishoni mwa barua yako, kama kawaida yake.

Mumeo,
Gélase


Ruziba, 24 Septemba 1995

Baba Benite,

Bwana asifiwe. Nimefurahi kusikia mtoto anakula. Mwambie mama yangu asimpe chai ya usiku, atakojoa kitandani.

Mambo yamebadilika hapa. Jumatatu wanajeshi waliingia na gari, wakaweka kituo chao ndani ya bustani yetu, upande wa ziwa. Mahema yako pale ulipokuwa umepanga miche. Mkubwa wao anaitwa kamanda Herménégilde, mtu mzima, anaongea polepole. Aliniuliza, "Mama, mume wako yuko wapi?"

Nikasema, "Alienda Kongo kutafuta mbegu."

"Mbegu," akasema, kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akaigeukia sapini. "Huu muti unatufunga macho. Matawi yamelala mpaka chini, mutu anaweza kukaa ndani yake na bunduki na hatumuoni. Wiki hii tunaukata."

Nikasema, "Kamanda, ni matawi ya chini tu yanawafunga macho. Niache nikate hayo, mtaona mpaka maji. Ule wa juu hauwazuii kitu."

Alitazama juu muda mrefu. Akasema, "Mama, unapigania muti kama mutoto." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Niambie namna ya kukata. Naogopa kuua mti wote.

Mama anasema hivi, naandika maneno yake: "Gélase, kula. Usinifikirie. Jua la huko ni kali, vaa kofia."

Mkeo,
Orpha


Uvira, 8 Oktoba 1995

Mama Benite,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena.

Kata hivi. Pale tawi linapoungana na shina kuna kivimbe. Usikikate hicho, kata mbele yake kidogo, na usiache kipande kirefu. Anza kwa msumeno upande wa chini wa tawi, halafu umalizie kwa juu, vinginevyo tawi likianguka litachana gome mpaka chini. Utomvu utatoka mwingi na utanata mikononi. Nawa kwa mafuta ya taa. Usikate yote siku moja. Na kilele asikiguse mtu. Sapini ikipoteza kilele haipati tena kimoja kilichonyooka, inatoa pembe kama mbuzi na haiwi mti tena.

Huyo kamanda ni mtu wa namna gani? Analala kwenye hema au ndani ya nyumba yetu? Hilo hukuniandikia.

Benite amejifunza kuandika jina lako. Nimeweka karatasi yake humu.

Gélase


Ruziba, 26 Desemba 1995

Baba Benite,

Noeli njema, ingawa imepita. Karatasi ya Benite niliibandika ukutani kwa mama, kila asubuhi ananiomba nimsomee.

Nilikata matawi kama ulivyosema, siku moja moja, mimi juu ya ngazi na askari wawili wakinicheka chini. Siku ya tatu mmoja wao aliacha kucheka akashika ngazi. Sasa sapini imesimama kama mtu aliyepandisha nguo avuke maji. Shina linaonekana, na ziwa linaonekana. Kamanda alikuja akainama, akatazama, akasema, "Sawa." Nikadhani yameisha.

Wiki iliyopita akaja tena. Alitaka kilele. Watoto wake wako mjini na walitaka mti wa Noeli, na kilele kile, alisema, kingetosha sebuleni kama kimetengenezwa. Askari alikuwa ameshavua viatu apande. Nikamwambia nina kitu bora. Nilikimbilia kwenye kitalu, nikatoa mche wako mkubwa kuliko yote, ule wa kwenye ndoo ya rangi, nikaufuta vumbi. "Huu una mizizi, kamanda. Ule ukiukata utakauka kabla ya mwaka mpya. Huu watoto watauona ukikua." Aliupokea kwa mikono miwili. Nilisikia aibu kumpa, kwa sababu najua ulivyoulea.

Umeuliza analala wapi. Analala kwenye hema. Lakini anakunywa chai barazani, siwezi kumkataza. Na karte yangu ameichukua, anasema ni ya kuhifadhi. Bila karte siwezi kupita Gatumba, kwa hiyo usiniambie nije.

Mama anakohoa. Anasema: "Gélase, usisahau kumpeleka mtoto shule."

Orpha


Ruziba, 29 Januari 1996

Baba Benite,

Nakuandikia kwa haraka, Epiphanie anangoja. Sisi tupo. Mvua imenyesha vizuri, sapini imetoa ngazi mpya, kijani cheupe kama jani la kitunguu. Kikohozi cha mama kimekwisha. Amepumzika.

Kaa huko huko. Usije kwa sababu yoyote. Hata ukisikia nini.

Mbusu mtoto.

Orpha


Uvira, 11 Februari 1996

Orpha,

Barua yako ya mwisho ni fupi kama ya mtu anayeandika huku mlango uko wazi.

Epiphanie ni mtu mzuri lakini ulimi wake hauna kifuniko. Amemwambia mama yako, na mama yako ameniambia kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Kamanda anakaa barazani kwenye kiti changu. Anakunywa kwenye kikombe changu cha bluu. Anakuita Mama Orpha. Wewe unamletea chai mwenyewe, na siku aliyokuja Epiphanie mlikuwa mnazungumza kwa sauti ya chini, na ulipomwona ukanyamaza.

Mimi niko hapa nalala kitanda cha mkwe, nakula chakula cha mkwe, nabeba mizigo ya watu sokoni kama kijana. Sina haki ya kukuuliza kitu. Lakini nakuuliza.

Na kitu kingine. Mama hakuongeza neno. Tangu nimjue hajaacha barua iende bila neno lake. Kama kikohozi kimekwisha, mbona hakusema chochote?

Gélase


Ruziba, 20 Februari 1996

Baba Benite,

Namletea chai ndiyo. Ungenipa shauri gani lingine? Nikimnyima chai, yeye atatunyima nini? Ninakaa katikati ya watu wenye bunduki, mwanamke mmoja, na kila siku ninayoamka mti wako umesimama na nyumba yako ina paa. Hivyo vitu havijisimamii vyenyewe.

Tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini kwa sababu aliniambia jambo ambalo sikutaka lisikike. Siku moja nitakuambia. Siyo kwenye karatasi.

Mama analala. Hawezi kusema maneno siku hizi. Usiniulize tena kuhusu mama, nakuomba kama mke wako, na unajua sikuombi vitu mara nyingi. Kaa na Benite.

Orpha


Uvira, 5 Machi 1996

Orpha,

Gari la watu waliokimbia limefika hapa, na ndani yake kulikuwa na mzee wa Ruziba anayeuza samaki wakavu, ambaye tunajuana. Aliniona sokoni, akavua kofia, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Aliona kwamba sijui, akataka kuondoka, nikamshika shati.

Mama yangu alikufa Januari. Wakati unaandika "amepumzika" alikuwa ameshazikwa. Jeneza lilibebwa na wanajeshi. Mbele ya jeneza alitembea kamanda, na wewe pembeni yake.

Sitaandika mengi. Nakuja. Darius mvuvi amekubali kunivusha, tutakaa na wavuvi wengine mpaka kukaribia mapambazuko, na tutaingia nao asubuhi ya Alhamisi ya wiki ijayo, kama watu wanaorudi na samaki wao wa mukeke. Tutaielekezea sapini mpaka tuone ngazi zake, halafu tukate kushoto kwenye matete, mbali kidogo na kituo chao. Nataka kuliona kaburi la mama. Nataka kukutazama usoni ukiniambia mwenyewe. Baada ya hapo wanifanye watakavyo.

Usijaribu kunizuia.

Gélase


Uvira, 16 Machi 1996

Orpha,

Barua hii naipeleka Buyenzi mjini, kwa rafiki yangu Sulemani fundi wa magari, akufikishie, kwa sababu Epiphanie hajarudi na Ruziba sina tena mtu.

Nilikuja. Mapambazuko yalitukuta katikati ya maji, mitumbwi ya wenzetu imetawanyika pande zote, na milima ya kwetu ilianza kuonekana kwanza kama moshi, halafu ikawa milima. Darius alikuwa kwenye kasia, mimi mbele. Nikatafuta. Nikasema, bado mbali. Tukasogea. Nikaona minazi, nikaona paa la kanisa, nikaona mikaratusi yangu ya nyuma. Darius akasema, "Gélase, muti wako uko wapi?"

Hapakuwa na kitu. Mahali pale palikuwa na anga tu.

Darius ni mtu mwenye hofu ya Mungu na ya mengine yote. Alisema, "Hapa kuna jambo, mi siingii," akageuza. Nilimshika kasia. Tuligombana ndani ya mtumbwi nusura tuzame. Mwishoni nililia, nakuambia ukweli, nililia mbele ya mvuvi, na tukarudi.

Nimefikiria siku mbili. Wewe ulijua nakuja. Ulijua nitatafuta nini. Mtu aliyepanda ngazi kuokoa ule mti, aliyetoa mche wangu ili kilele kisiguswe, ameuacha ukatwe wiki ile ile ninayokuja. Nimeelewa. Ulikuwa unaniambia kwamba pale si kwangu tena. Ungeweza kuandika, ningesoma.

Ulimzika mama yangu na mtu yule. Ukaniandikia kwamba analala. Nijibu swali moja tu, nani alimfumba macho mama yangu? Yeye au wewe?

Benite atabaki na mimi. Baba yako nitamwambia mwenyewe, kwa heshima, kwamba nyumba imevunjika. Sikutafuti tena na usinitafute.

Gélase


Buyenzi, 30 Machi 1996

Baba Benite,

Niko kwa rafiki yako Sulemani. Mke wake ananilisha uji na kunikanda miguu kwa maji ya chumvi. Barua hii inakuja na dereva wake anayepeleka vipuri Uvira. Yeye hakaguliwi sana, kwa hiyo leo nitaandika kila kitu.

Sijui kama ulikuja Alhamisi ile. Hakuna anayeweza kuniambia. Kama unasoma hii, basi ulirudi, na Mungu ana jina kubwa.

Mama alikufa Januari, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu. Hakuwa na maumivu. Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo, nikaketi na karatasi. Kamanda akaja kutoa pole. Alitoa askari wake wabebe jeneza, kwa sababu majirani waliogopa kukanyaga bustani yetu. Nilimshukuru. Tulipotoka makaburini alitembea na mimi akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Mama Orpha, mutoto wa kiume lazima aje kumulilia mama yake. Mi ningekuja." Akanitazama. "Tutamungojea."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa mwema. Alikuwa anakungoja tangu Septemba. Ndilo jambo alilolirudia barazani siku ile Epiphanie alipotukuta. Sikuwa na namna ya kukuambia mama amekufa bila wewe kuja, nakujua. Kwa hiyo nikasema uongo, nikauandika kwa mkono wangu, mara mbili. Ukinichukia kwa hilo nitakubali.

Sasa sikiliza habari ya mti. Barua yako ya kusema unakuja haikuletwa na Epiphanie. Kamanda mwenyewe ndiye aliyeniletea, Jumatatu. Ilikuwa imefungwa upya, gundi bado mbichi. Akasema, "Epiphanie anaumwa, amelala Gatumba." Alisubiri niifungue mbele yake. Niliisoma. Nilijikaza uso usiseme kitu. Akauliza, "Habari za Kongo?" Nikasema, "Nzuri, mtoto amepata mafua."

Kisha akasimama barazani akaitazama sapini, akasema, "Nimefikiri, Mama. Huu muti ni mzuri. Watu wa ziwa wanautumia. Ubaki." Mtu ambaye tangu aje anatafuta sababu ya kuukata. Jioni ile wakahamisha bunduki kubwa kutoka barabarani, wakaiweka kwenye matete upande wa kushoto. Pale pale ulipoandika.

Sikuwa na mtu wa kumtuma. Epiphanie walikuwa wamemshika. Mimi karte sina, na barabarani walikuwa wananitazama hata nikienda kisimani. Usiku wote nilijiuliza mtu aliye katikati ya maji anaweza kuambiwa nini na mwanamke aliye jikoni.

Jumatano asubuhi kamanda aliitwa mjini kwenye mkutano. Alichukua wale waliokuwa karibu naye. Walibaki askari wanne, vijana, na koplo mmoja, yule aliyenishikia ngazi. Hawa walikuwa wamesikia tangu Septemba kwamba mti utakatwa. Kwamba sasa ubaki, aliniambia mimi tu barazani. Nikaenda stoo nikatoa ule msumeno wako mrefu wa watu wawili, nikaupaka mafuta mbele yao. Nikasema, "Koplo, kamanda amesema leo ndiyo leo. Akirudi anataka kuona ziwa lote."

Koplo akasema, "Mbona mi hakuniambia?"

"Aliniambia mimi niwape msumeno. Kama hamtaki, mtamwambia wenyewe jioni."

Aliogopa jioni. Wakavua mashati.

Nilisimama pale nikawaonyesha. Nilisema wakate mdomo, lile pengo la shinani, upande wa barabara kwanza, ili uangukie huko usiharibu nyumba, kama nilivyokuona ukifanya kwa mikaratusi. Utomvu uliwarukia kifuani. Walikuwa wakipumzika, wakinywa maji yangu, wakiendelea. Sikulia. Nilikuwa nasikiliza barabara kama kuna gari. Ulipoanza kuinama ulikaa hivyo muda, umeegemea hewa, mimi nikasema moyoni, anguka, anguka upesi. Ukaanguka. Vumbi lilifika kanisani. Watoto wa majirani wakaja kuvunja matawi, na mimi nilitazama pale juu ulipokuwa, nikaona ni anga tu, nikajua utaona.

Kamanda alirudi saa kumi. Alishuka kwenye gari akasimama. Alitembea kando ya shina lote, kutoka kisikini mpaka kwenye kilele, polepole, mikono nyuma. Kilele kilikuwa kizima, hakijavunjika. Akarudi akaniuliza, "Nani alitoa amri?"

Nikasema, "Wewe kamanda. Mwezi wa Septemba."

Koplo walimpiga kwanza. Jina lake Méthode, umuombee. Halafu mimi, kwenye nyayo. Waliniweka mahabusu, kwenye kasho ya zone, chumba kimoja na wanawake wa Kanyosha. Alhamisi alfajiri nilisikiliza kama kuna mlio wa bunduki upande wa ziwa. Sikusikia. Hiyo ndiyo siku niliyolia.

Sulemani alisikia kwa watu wa gereji, na kwa kuwa yeye ndiye anayewatengenezea wanajeshi magari, alikwenda akaongea nao. Walinitoa. Nyumba wameichukua. Sina karte. Sulemani anahangaikia ruhusa ya kupita.

Uliupanda wewe. Mimi niliukata. Sina namna nyingine ya kukuandikia hilo.

Mkeo,
Orpha


Uvira, 6 Aprili 1996

Orpha, mke wangu,

Epiphanie ametoka, amekonda. Alikuja moja kwa moja hapa kabla hajaenda kwake, akatuambia walivyomkuta na barua. Alikuwa hajamaliza kusema, dereva wa Sulemani akaingia na yako. Niliisoma kwa sauti mbele ya baba yako na mama yako, mpaka pale pa nyayo, nikashindwa, baba yako akaichukua akaimalizia.

Baba yako aliikunja, akanirudishia. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe mpaka jua likazama.

Kuna barua nyingine. Niliiandika nilipotoka ziwani, niliituma kwa Sulemani kwa mkono wa mtu wa sementi, na Sulemani hajasema kama imefika. Kama iko, bahasha yake ni ya kahawia na nimeandika jina lako bila Mama Benite. Usiifungue. Nakusihi. Itie motoni hapo hapo kwenye jiko la mke wa Sulemani. Mtu aliyeiandika hakuwa na akili siku ile. Baba yako hajui habari yake, sikumwambia lile nililosema humo kwamba nitamwambia.

Sijui nikuite nani. Sijui nitakutazamaje. Mti ni mti, nitapanda mwingine mahali popote penye udongo. Miguu yako inaendeleaje? Unaweza kutembea?

Ukiniambia tu kwamba hukuifungua, nitalala.

Gélase


Buyenzi, 17 Aprili 1996

Baba Benite,

Ruhusa imepatikana. Jumamosi dereva wa Sulemani atanishusha Gatumba, nitavuka kwa miguu. Natembea, polepole, kwa fimbo, na viatu vya mke wa Sulemani ambavyo ni vipana.

Bahasha ya kahawia ilifika mara tu baada ya dereva kuondoka na barua yangu, siku nyingi kabla ya hii yako. Ilinikuta siwezi kusimama. Niliisoma yote, na siwezi kuisahau kwa kuwa umeniomba. Sikuitia motoni. Sitakuonyesha pia.

Mle ndani kuna swali moja ulilokuwa na haki ya kuuliza, kwa hiyo nakujibu kabla hatujaonana, ili lisitukalie katikati mbele ya mtoto. Ni mimi niliyemfumba macho mama yako. Kamanda hakuwepo, alikuwa bado kwenye hema lake. Nilimfumba, nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu cheupe cha kanisa, nikamwosha peke yangu. Mama alikuwa amesema, "Mwambie Gélase," halafu hakumaliza. Nimetafuta kila siku angesema nini. Nadhani ni kofia.

Mengine yote ya barua ile tutayasema tukiwa tumekaa, mimi na wewe, na hayataisha siku moja.

Jumamosi uje mpakani mwenyewe. Usimtume baba.

Orpha